Kipato kimebadilika ukiwa kwenye DRO na Universal Credit: ripoti hivi

Kila Jumamosi mchana nakaa na watu kwenye chumba cha nyuma cha kanisa letu, tunasoma barua. Mimi si mshauri wa madeni, na hapa Uingereza huwezi kujipachika cheo hicho bila kibali. Nasoma, natafsiri, namwonyesha mtu aende wapi. Kwa miezi sasa swali la walio kwenye DRO (Debt Relief Order, amri ya kuwapa nafuu wenye madeni) huku wakipokea Universal Credit (msaada wa serikali wa kila mwezi kwa wenye kipato kidogo) limekuwa lilelile: "Nimeongezewa saa kazini, je, DRO yangu itafutwa?" Nikiuliza amemwambia nani, jibu nalo huwa lilelile: "Si nimeshawaambia Universal Credit? Kwani hawasemezani?"

Hawasemezani. Universal Credit iko chini ya DWP, wizara ya kazi na pensheni. DRO iko chini ya Insolvency Service, ofisi ya serikali ya mambo ya kufilisika, na anayeisimamia anaitwa Official Receiver. Ukiripoti kwa mmoja, kwa mwingine bado hujaripoti. Nimechoka kulieleza jambo hili mtu mmoja mmoja, ndiyo maana nimeliandika.

Mwongozo huu ni wa anayeishi England au Wales, ambaye DRO yake imeshapitishwa na bado iko ndani ya miezi 12 ya kusubiri, na wakati huohuo anapokea Universal Credit. Scotland wana utaratibu wao mwingine kabisa, na Ireland ya Kaskazini wana DRO yao yenye ofisi yake. Kama uko huko, usifuate hatua hizi.

Machache ya kujua kwanza

DRO inawazuia wadai wasikufuate kwa miezi 12, na muda huo ukiisha salama, madeni yaliyoorodheshwa yanafutwa. Ulipoomba ilibidi uthibitishe mambo matatu: madeni yasiyozidi £50,000 (kiwango cha tangu tarehe 28 Juni 2024), mali isiyozidi £2,000, na pesa inayobaki kila mwezi baada ya matumizi ya lazima isiyozidi £75. Gari lina hesabu yake ya pembeni, mwisho £4,000.

Mambo hayo hayaishii siku ya kupitishwa. Katika miezi yote 12, kipato kikipanda au ukipata mali, sheria inakutaka umwambie Official Receiver mapema iwezekanavyo. Yeye ndiye anaamua kama DRO inaendelea au inafutwa. Anaweza kuiacha iendelee. Kinachowaangusha watu si nyongeza yenyewe. Wanaangushwa na kunyamaza, au na kutuma tarakimu ya mshahara mpya peke yake bila hesabu ya matumizi.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Barua ya DRO, yenye namba ya kumbukumbu na tarehe iliyopitishwa. Ihesabu miezi 12 kwa tarehe. Usihesabu kwa jina la mwezi.
- Bajeti uliyojaza na mshauri wako wakati wa kuomba. Kama huna nakala, muombe, anayo.
- Slipu za mshahara, mbili za zamani na ya kwanza iliyopanda. Kama mwajiri hajatoa mpya, barua ya nyongeza au ujumbe wa meneja wenye idadi ya saa unatosha kuanzia.
- Taarifa ya benki ya miezi minne. Utaihitaji hata pasipo DRO, kwa sababu Universal Credit wakikagua madai yako hupenda kuomba miezi minne.
- Namna ya kuingia kwenye akaunti yako ya Universal Credit. Siyo ya mwanao. Nitarudi hapo.
- Tarehe zako za Universal Credit: mwezi wako wa hesabu unaanza lini na unaisha lini. Ukilipwa tarehe 18, ina maana hesabu yako inafungwa tarehe 11, kwa kuwa malipo huja siku 7 baada ya kufunga.
- Daftari. Usicheke. Kila unayeongea naye kwa simu, andika tarehe, saa, jina alilojitambulisha nalo, na alichosema.

Hatua 1: Tambua kilichobadilika ni kipi

Kuna nyongeza inayojirudia (saa zaidi, kazi ya pili, mwenza aliyehamia kwako), kuna pesa ya mara moja (malimbikizo ya benefiti, bonasi, urithi, zamu yako ya upatu), na kuna kipato kilichopungua. Kwa Universal Credit, vyote vitatu vinaripotiwa au vinakaguliwa. Kwa DRO, sheria inasisitiza kupanda. Kipato kikishuka huna la kuogopa kwa Official Receiver, ila Universal Credit wasipojua utapunjwa.

Hatua 2: Geuza mshahara uwe wa mwezi, kwa njia sahihi

Hapa ndipo watu wanapoumia, hata wanaojua hesabu. Mwaka una wiki 52, siyo 48. Ukilipwa kwa wiki, zidisha kwa 52 kisha gawanya kwa 12. Ukilipwa kila wiki 4, zidisha kwa 13 kisha gawanya kwa 12.

Chukua mtu anayepata £240 kwa wiki mkononi. Akizidisha kwa 4 anaandika £960. Hesabu sahihi ni £1,040. Tofauti ni £80, na kikomo chako cha DRO ni £75. Yaani kosa moja la kuzidisha linatosha kuvuka mpaka, na mtu hakukusudia kudanganya.

Tumia pesa inayoingia mkononi, baada ya kodi, National Insurance (bima ya taifa) na pensheni. Usitumie ile kubwa iliyo juu ya slipu.

Hatua 3: Ondoa kile ambacho Universal Credit itakata

Mshahara ukipanda, Universal Credit inashuka. Kwa kila £1 ya mshahara wa mkononi inayozidi kiwango chako cha kuruhusiwa, wanakata senti 55. Kiwango hicho wanapewa wenye watoto, au waliothibitishwa kuwa afya yao inawapunguzia uwezo wa kufanya kazi. Kwa mwaka wa 2025/26 kilikuwa £411 kwa anayesaidiwa kodi ya nyumba ndani ya Universal Credit, na £684 kwa asiyesaidiwa. Tarakimu hizi hubadilika kila Aprili, kwa hiyo tazama ya mwaka wako.

Ikiwa ulishavuka kiwango hicho, hesabu ni nyepesi: nyongeza ya £300 inakuondolea £165 ya Universal Credit. Umebaki na £135. Hiyo £135 ndiyo nyongeza yako ya kweli, na ndiyo ya kuingiza kwenye bajeti. Watu wengi humpelekea Official Receiver £300 nzima, halafu wanashangaa barua inayorudi.

Hatua 4: Andika bajeti upya, mstari kwa mstari

Usiishike bajeti ya zamani ukabadilisha mstari wa mshahara tu. Kazi ikiongezeka, matumizi nayo huongezeka. Nikupe mfano mmoja tulioufanya mezani, nimebadilisha kidogo ili mwenyewe asijulikane.

Dada mmoja, watoto wawili, anasafisha ofisi. Aliongezewa zamu ya alfajiri, mshahara wa mkononi ukatoka £780 kwenda £1,080. Wakati wa kuomba DRO, bajeti yake ilibakiza £22. Universal Credit ikakata £165, ikabaki nyongeza ya £135. Kwenye karatasi sasa anabakiza £157. Alipoiona tarakimu hiyo aliweka kalamu chini akasema, "Basi, kwisha."

Nikamwambia tushuke mstari kwa mstari. Basi la alfajiri, £46 kwa mwezi, hapo mwanzo alikuwa anatembea kwa miguu. Klabu ya asubuhi ya watoto kabla ya shule, £60. Universal Credit wanarudisha asilimia 85 ya gharama ya malezi kwa mzazi anayefanya kazi, kwa hiyo wanarudisha £51 na yeye anabeba £9. Punguzo lake la Council Tax (kodi ya halmashauri) nalo lilishuka, akaanza kulipa £21 zaidi. Jumla £76. Toa kwenye £157: inabaki £81.

Bado £6 juu ya mpaka. Tukakaa kimya kidogo. Kisha akakumbuka kwamba kampuni ya umeme na gesi ilimwandikia mwezi uliopita kupandisha malipo kwa £14, akaitupa barua kwenye droo ya jikoni. Tukampigia mwanawe, akapiga picha barua, akaituma. £81 toa £14 ni £67.

Alituma bajeti hiyo pamoja na vielelezo vyote vinne. DRO yake iliendelea.

Angalizo: kila tarakimu ya pale ilikuwa na karatasi nyuma yake. Usibuni matumizi ili kujaza pengo. Kutoa maelezo ya uongo au kuficha jambo kwa makusudi kwenye DRO ni kosa la jinai, na mbali na hapo unaweza kuwekewa vizuizi vya kifedha vya kati ya miaka 2 na 15. Vile vile, usiache matumizi halali kwa aibu. Nimeona watu wakiandika £0 kwenye nguo za watoto kwa sababu "tunapewa na majirani". Na viatu vya shule je?

Hatua 5: Ripoti Universal Credit

Ingia kwenye akaunti, nenda kwenye sehemu ya kuripoti mabadiliko, chagua kazi na kipato, jaza. Fanya hivyo ndani ya mwezi wako wa hesabu ambamo jambo limetokea. Badiliko linalokunufaisha ukilichelewesha, kwa kawaida halirudishwi nyuma, unalipwa kuanzia kipindi ulichoripoti. Badiliko linalokupunguzia litarudi nyuma bila huruma.

Kama mwajiri wako anakata kodi kwa PAYE (moja kwa moja kwenye mshahara), tarakimu ya mshahara inafika DWP yenyewe kupitia HMRC, mamlaka ya kodi. Wewe huitumi kila mwezi. Lakini kuanza kazi, kuacha kazi, kuanza ya pili, hayo unaripoti mwenyewe. Hata nyongeza ya saa mimi huwashauri waandike mistari miwili kwenye ukurasa wa ujumbe, ule unaoitwa Journal. Ujumbe huo una tarehe, na siku moja tarehe hiyo itakutetea.

Kama unajiajiri, iwe unasuka nywele nyumbani au unauza sambusa na maandazi wikendi, wewe ndiye unayeripoti kila mwezi: kilichoingia na kilichotoka (unga, mafuta, nywele za kusukia). Dirisha linafunguka siku 7 kabla ya hesabu kufungwa na linaendelea hadi siku 14 baada ya kufungwa. Na tafadhali, ile £1,000 ya mwaka ambayo HMRC hawatozi kodi haina kazi hapa. Kwa HMRC unaweza kukaa kimya chini ya £1,000. Kwa Universal Credit unaripoti hata £30 ya nywele za mtu mmoja.

Ukimaliza, piga picha ya skrini inayoonyesha umetuma.

Hatua 6: Ripoti Official Receiver, siku hiyohiyo

Tumia anwani au barua pepe iliyo kwenye barua yako ya DRO, siyo uliyoipata kwa kutafuta mtandaoni. Kuna kampuni za biashara zinazojifanya ofisi.

Usiandike hadithi. Ujumbe wetu huwa na sentensi sita hivi, ambazo unaweza kuziweka kwa Kiingereza chepesi:

*"Namba yangu ya DRO ni hii, ilipitishwa tarehe hii. Kuanzia tarehe hii mshahara wangu wa mkononi umepanda kutoka kiasi hiki hadi kiasi hiki kwa mwezi, kwa sababu nimeongezewa saa. Universal Credit yangu imeshuka kwa kiasi hiki. Matumizi yangu nayo yamebadilika. Bajeti mpya na vielelezo nimeviambatanisha, na kinachobaki kila mwezi ni kiasi hiki. Naomba mnithibitishie kwa maandishi kwamba mmepokea."*

Sentensi ya mwisho usiiache. Kama bado hujapata slipu ya kwanza, tuma taarifa sasa ukisema slipu inafuata. Mshauri aliyekuombea DRO anaweza kukusaidia kuandaa bajeti, na ni busara kumuona kabla ya kutuma kama tarakimu inakaribia £75. Ila usidhani kwamba kumwambia yeye ni kumwambia Official Receiver. Wajibu ni wako.

Hatua 7: Halmashauri

Punguzo la Council Tax linatolewa na halmashauri yako, siyo DWP. Baadhi ya taarifa huwafikia kutoka DWP, lakini mimi sitegemei. Jaza fomu yao ya mabadiliko. Dakika kumi, umemaliza.

Hatua 8: Subiri malipo ya kwanza, kisha linganisha

Siku chache kabla ya kulipwa, akaunti inaonyesha maelezo ya malipo. Linganisha mshahara walioandika na slipu yako. Zikitofautiana, andika kwenye Journal papo hapo, weka picha ya slipu, useme wazi kwamba unapinga tarakimu ya mshahara. Na kama makato halisi ya Universal Credit si yale uliyokadiria kwenye Hatua ya 3, mtumie Official Receiver mstari wa marekebisho.

Upatu, kiwanja na pesa za nyumbani

Sehemu hii huikuti kwenye vipeperushi vya Kiingereza, na ndiyo inayotusumbua sisi.

Upatu, chama, mchezo, au likelemba kama wanavyoita ndugu zetu wa Kongo: kwa Kiswahili chochote, siku zamu yako inapofika pesa inaingia kwa mkupuo. Watu 12, £200 kila mmoja, umepokea £2,400. Kikomo cha mali kwenye DRO ni £2,000. Utasema ni akiba yako mwenyewe uliyoichanga. Ni kweli, lakini akiba nayo ni mali, na ile uliyokuwa umeshachanga ulitakiwa kuitaja siku ya kuomba. Halafu litakuja swali lenye ncha kuliko hilo: kama bajeti yako inabakiza chini ya £75, hiyo £200 ya kila mwezi inatoka wapi? Kama una DRO na bado unacheza, zungumza na mshauri wa madeni kabla ya zamu yako kufika. Weka orodha ya wanachama na risiti za michango, hata kama ni ujumbe wa simu tu. Universal Credit kwa upande wao wana kikomo tofauti, akiba haiwagusi mpaka ivuke £6,000. Tusichanganye mizani mbili.

Mali iliyo nje ya Uingereza nayo inahesabika. Kiwanja Kigamboni, shamba Kitale, sehemu yako katika nyumba ya marehemu baba: ukirithi ndani ya miezi 12, unaripoti, hata kama ndugu hawajagawana na hata kama hujui itauzwa lini. Andika unachokijua na ambacho hakijajulikana.

Michango ya msiba inayopitia akaunti yako si pesa yako, lakini benki haijui. Ikiwezekana, mweka hazina awe mtu asiye kwenye DRO. Ikiwa imeshapita kwako, hifadhi orodha ya waliochanga na uthibitisho wa ilikopelekwa.

Na ndugu anayekutumia £100 kila mwezi? Zawadi ya namna hiyo kwa kawaida haipunguzi Universal Credit. Kwenye DRO, pesa inayoingia kila mwezi ni kipato, itaje.

Makosa ninayoyaona kila wiki

Kumpa mtoto simu aripoti. Mtoto wa miaka 14 anajua kubofya, hajui tofauti ya mshahara kabla ya kodi na baada. Zaidi ya hapo, si haki kumbebesha mambo haya. DWP wanatoa mkalimani bure kwa simu, sema tu lugha yako mwanzoni.

Kufikiri malimbikizo ya benefiti hayahesabiki. Ukishinda PIP (msaada wa wenye ulemavu) na kulipwa miezi ya nyuma kwa pamoja, PIP haipunguzi Universal Credit, na malimbikizo yenyewe Universal Credit huyaacha nje ya hesabu ya akiba kwa miezi 12. Usihamishie kanuni hiyo kwenye DRO. Huko ripoti kivyake, kabla hujaitumia, na umuachie Official Receiver aamue. Kuhusu PIP ya kila mwezi, mwambie mshauri akuonyeshe inavyowekwa kwenye bajeti pamoja na gharama za ulemavu wako. Wana utaratibu wake.

Kukopa kujazia pengo. Ndani ya DRO huruhusiwi kukopa £500 au zaidi bila kumwambia mkopeshaji kwamba una DRO.

Kumwomba bosi alipe taslimu "mpaka DRO iishe". Naliandika kwa sababu nimeulizwa, tena na watu waadilifu. Jibu ni hapana, na umeshasoma kwa nini.

Mambo yakienda kombo

*Nimechelewa kuripoti, imepita miezi minne.* Ripoti leo, kote kuwili. Eleza kwa nini ulichelewa, kwa ukweli. Upande wa Universal Credit kuna uwezekano wa deni la malipo ya ziada na faini ya £50 kwa uzembe. Jua pia kwamba deni hilo jipya haliingii kwenye DRO yako, maana limezaliwa baadaye. Litakatwa kwenye malipo yako hata kama kosa lilikuwa la ofisi. Kama makato yanakunyima chakula, piga simu uombe yapunguzwe.

*DWP wanaendelea kunikata deni la zamani ambalo limo kwenye DRO.* Hawaruhusiwi, Mahakama ya Juu ililiamua mwaka 2011. Kwanza hakikisha kwenye barua kwamba deni hilo limeorodheshwa, kisha andika kwenye Journal namba ya DRO, tarehe, aina ya deni, uombe makato yasimame na pesa iliyokatwa tangu tarehe hiyo irudishwe. Mikopo ya Social Fund (mfuko wa serikali wa mikopo midogo) haimo kwenye ulinzi huu, wala deni lililotokana na udanganyifu halifutwi.

*Mwezi mmoja Universal Credit imekuja karibu sifuri.* Angalia kama mishahara miwili imeangukia mwezi mmoja wa hesabu. Ukilipwa kila wiki 4, hilo litatokea mara moja kwa mwaka, lipange. Ukilipwa kwa mwezi, na mwajiri akawahisha (Desemba hupenda kufanya hivyo), tangu Novemba 2020 unaweza kuomba mshahara mmoja uhamishiwe kipindi kingine. Kama madai yamefungwa kabisa kwa sababu ya sifuri, omba tena haraka, kwani ndani ya miezi 6 njia ni fupi. Kwa DRO, mweleze Official Receiver wastani wa mwaka, siyo mwezi huo mmoja.

*Barua ya Official Receiver inasema anafikiria kufuta.* Jibu kabla ya tarehe iliyoandikwa, na nenda kwa mshauri wa madeni na barua mkononi. Citizens Advice, StepChange na National Debtline wote hawatozi. Kuna mambo mawili ya kuomba: bajeti iangaliwe upya pamoja na vielelezo, na kama kufutwa hakuepukiki, kuchelewa kwa hadi miezi 3 ili upange na wadai. DRO ikifutwa madeni yanarudi, kwa hiyo muda huo una thamani.

*Sikubaliani na hesabu ya Universal Credit.* Omba uamuzi uangaliwe tena ndani ya mwezi mmoja tangu tarehe ya uamuzi. Ukikataliwa, mwezi mwingine wa kukata rufaa kwenye baraza la rufaa (tribunal).

*Kazi mpya inaanza wiki moja baada ya miezi 12 kuisha.* Kwa Official Receiver hakuna la kuripoti kuhusu mshahara utakaoanza baada ya hapo. Kwa Universal Credit, ripoti kama kawaida. Ila ihakiki ile tarehe kwenye barua, maana mzee mmoja alikuwa anahesabu kutoka siku aliyoomba, na DRO yake ilikuwa imepitishwa siku 16 baadaye.